Niachieni Dude Langu

Napenda picha mbovu. Nalisema hili mchana kweupe, mtu mzima na mvi zangu. Sizungumzii picha iliyojitahidi ikateleza mwishoni. Nazungumzia ile iliyokwama tangu kwenye bango. Zipu ya dude inaonekana mgongoni. Koti jeupe la profesa bado lina mikunjo ya dukani. Mji mzima unaokimbia kuokoa roho ni watu wale wale sita, wakishapita mbele ya kamera wanazunguka nyuma ya nyumba na kupita tena, na yule mwenye kofia ya pama ukimfuatilia vizuri amekufa mara mbili. Raha yangu iko hapo. Mtu aliyemaliza wiki ya foleni, daladala na vikao vya ofisini ana haki ya kuangalia kitu kisichomdai fikra yoyote.

Haki hiyo nimenyang'anywa na mpwa wangu, mtoto wa dada, anayesoma fasihi na filamu chuo kikuu na ambaye amehamia kwangu kwa madai kwamba hosteli zimejaa. Kijana ana adabu, simsingizii. Shikamoo haimpiti, vyombo anaosha bila kutumwa. Tatizo ni moja tu: hawezi kuona mdudu mkubwa akanyamaza.

"Mjomba, hao si sisimizi."

"Ila?"

"Ni hofu ya nyuklia."

Tulikuwa tunaangalia Them!, ya mwaka 1954, ile ambayo sisimizi wakubwa kuliko magari wanaibuka kwenye jangwa la New Mexico. Mimi nawaona kwa macho yangu: miguu sita, vipapasio, na wamevunja behewa la treni kwa ajili ya sukari. Sijawahi kusikia hofu ya nyuklia ikiiba sukari. Lakini kijana naye ana lake, maana picha yenyewe inasema waziwazi kwamba wadudu hao walikua kupita kiasi kwa sababu ya bomu la kwanza la atomiki, lililojaribiwa kwenye jangwa hilo hilo Julai 1945. Hapo sina pa kumshika. Kinachonikera ni kwamba akishapata kimoja cha kweli, breki hana.

Ugonjwa huu tunaufahamu sote tuliopita kidato cha nne. Tulifundishwa kwamba kila kitabu kina fani na maudhui, na ndani ya maudhui mna dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Mtihani ukisema jadili dhamira tatu na wewe umeona mbili, huwezi kumwandikia msahihishaji kwamba mwandishi aliishia mbili. Ya tatu unaitunga. Darasani kwetu ya tatu siku zote ilikuwa "nafasi ya mwanamke katika jamii", hata pale ambapo kitabu kizima kilikuwa na wavuvi watupu. Sasa mpwa wangu amekichukua kipaji hicho cha taifa akakielekeza kwenye madude ya Marekani ya miaka ya 1950, na huko amekuta dhamira za kumtosha mpaka astaafu.

Chukua Invasion of the Body Snatchers ya mwaka 1956. Watu wa mji mdogo wa California wanalala, wakiamka si wao tena. Sura zile zile, sauti zile zile, moyo hamna, maana nafasi zao zimechukuliwa na viumbe vilivyoota ndani ya maganda makubwa. Wahakiki wa kundi la kwanza wanasema maganda hayo ni Wakomunisti wanaoingia nchini kimyakimya. Wa kundi la pili wanasema la, maganda ni Seneta McCarthy na wenzake waliokuwa wakiwasaka hao Wakomunisti na kutaka kila mtu afikiri kwa namna moja. Nikamuuliza mpwa wangu nani yuko sahihi. Akasema wote, na kwamba uzuri wa picha uko hapo hapo. Mimi dawa inayouzwa kwa kuhara na kwa kufunga choo, chupa ile ile, huwa siinunui.

Nikaamua kumtega. Nikamwekea Robot Monster ya mwaka 1953, kazi ya Phil Tucker, ambayo nadhani ndiyo picha duni kuliko zote nilizowahi kuzipenda. Ilipigwa kwa siku nne. Ilihitaji roboti, na roboti ni ghali, ila mwongozaji alikuwa anamfahamu George Barrows, mwigizaji mwenye vazi lake binafsi la sokwe. Basi jamaa akavaa sokwe wake, juu wakamtwika helmeti, kazi ikaisha: roboti kutoka anga za mbali, kifua cha manyoya, kiuno kimemzidi. Anaishi kwenye pango la Bronson Canyon, Los Angeles, na mtambo wake wa kuwasiliana na mabosi uko juu ya meza ya mbao na unatoa mapovu. Mapovu ya sabuni. Mashine hiyo ya mapovu imetajwa kwa jina lake mwanzoni mwa picha, pamoja na waigizaji. Na muziki, ukitaka kucheka zaidi, ni wa Elmer Bernstein, yule yule aliyekuja kutunga ule wa The Magnificent Seven.

"Haya," nikamwambia, "nitolee dhamira hapo."

Hakupepesa macho. Akasubiri mpaka pale ambapo Ro-Man, ndilo jina la dude, ameamriwa kumuua msichana ambaye moyo wake wa mabati umeshampenda. Amebaki peke yake kilimani kwenye jua kali, anarusha mikono huku na huku, analalamika kwamba inambidi lakini hawezi, na kwamba hesabu zake zote hazimwambii mambo hayo mawili yanakutana wapi.

"Mjomba," akasema taratibu, "huyo ni mtumishi wa umma."

Nikanyamaza kwa hasira. Nimefanya kazi serikalini, na huyo mtu namjua.

Sasa nieleweke. Sisemi madude haya hayana maana. Ninachogombea na wasomi ni mahali wanapoitafuta. Wao wanampasua dude tumbo, na tumboni mwa dude mna fundi wa vazi anayetoka jasho, basi. Muulize aliyekuwa na biashara yenyewe. Pale American International Pictures, kampuni ya James Nicholson na Samuel Arkoff iliyoanza mwaka 1954, mara nyingi kilichotangulia kilikuwa jina la picha na bango. Wenye kumbi wakionesha kulipenda bango, ndipo anatafutwa mtu wa kuandika hadithi ya kulifuata. Bango linataka msichana anayepiga kelele na kucha zenye urefu wa panga. Dhamira itajitafutia nauli.

Na Roger Corman, bingwa wao wa kubana matumizi, aliyefariki Mei 2024 akiwa na miaka 98, anatosha kuwa somo zima. Mwaka 1956 alipiga It Conquered the World, kuhusu kiumbe kutoka Zuhura. Kiumbe kikatengenezwa kifupi na kipana, kwa hoja ya kisayansi kabisa, kwamba sayari yenye mvutano mkubwa haiwezi kuzaa viumbe warefu. Siku ya kupiga picha akaja mwigizaji Beverly Garland, akasimama mbele ya adui wa wanadamu, akaona anamfika kiunoni, akacheka, na inasimuliwa kwamba akampiga na teke. Wakamrudisha mshindi wa dunia kwenye karakana akaongezwe kimo. Leo msomi atakuandikia kurasa ishirini kuhusu urefu wa dude lile na dhana ya madaraka. Urefu ule ulitokana na kicheko cha mama mmoja aliyechoka kusubiri.

Usinijibu kwa Gojira. Gojira ni kesi nyingine, na haikuwa hata picha ya bei poa. Kampuni ya Toho ilimwaga fedha. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini, majivu yakawaangukia wavuvi 23 wa jodari waliokuwa kwenye meli ya Kijapani, Daigo Fukuryu Maru. Mwendesha redio wao akafa Septemba. Novemba mwaka huo huo Ishiro Honda akatoa picha inayoanza na meli kuzama kwenye mwanga mkali baharini. Mjapani aliyekata tiketi hakuhitaji mpwa wangu pembeni. Walioihitaji tafsiri ni Wamarekani, ambao mwaka 1956 waliichukua, wakamchomeka Raymond Burr kama mwandishi wa habari, wakayapunguza mno maneno ya bomu, na wakabaki na mjusi mkubwa mwenye hasira zisizo na sababu.

Kwenye picha za bei poa mambo huenda kinyume. Dude ni ghali, hivyo linaonekana kwa dakika chache. Muda uliobaki lazima ujazwe, na kitu rahisi kuliko vyote cha kujazia picha ni watu wanaobishana chumbani. Ofisa wa polisi, daktari, profesa, binti wa profesa, na kijana mmoja aliyeliona dude na haaminiwi. Hapo ndipo ninapomwambia mpwa wangu atazame. Mtu mwenye siku nne na fedha za kuungaunga hana muda wa kubuni namna watu wanavyobishana. Anachukua jinsi wanavyobishana kwao.

Sisi tuliokulia kwenye kibanda umiza tulilijua hili bila digrii. Mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, magunia dirishani kuzuia mwanga, deki imewekwa juu ya kreti la soda, na sauti ya mfasiri, akina Lufufu, imewekwa juu ya kanda na kumpa Mzungu maneno ambayo mama yake hakumfundisha. Dude likitokea, ukumbi ulikuwa unacheka au unanyamaza, basi. Makelele ya kweli yalianza steringi alipokwenda kituoni kuripoti. Ofisa anamwangalia juu mpaka chini, anamuuliza amekunywa nini. Benchi la nyuma linapasuka: "Mwambie aje kesho!" "Mwambie mhusika hayupo!" "Atoe hela ya karatasi!" Hakuna aliyekuwa amesikia habari za Vita Baridi pale ndani, na kila mmoja alikuwa ameshaelewa picha inahusu nini.

Ndiyo maana nikiulizwa nichague moja, nachagua The Blob ya mwaka 1958. Dude lake ni donge la rojorojo, silikoni iliyotiwa rangi nyekundu. Waliolitengeneza walikuwa watu wa Pennsylvania ambao kazi yao ya kawaida ilikuwa filamu za dini. Mwongozaji, Irvin Yeaworth, alikuwa amezoea kuhubiri kwa kamera. Kijana wa sekondari anaigizwa na Steve McQueen, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 27 na uso wa mtu mwenye madeni. Inasimuliwa kwamba alipewa achague asilimia ya mapato au dola 3,000 mkononi, akachukua za mkononi, picha ikaingiza mamilioni.

Kimondo kinaanguka porini. Mzee mmoja anakikuta, anafanya ambacho mzee yeyote angefanya: anaokota kijiti anakichokoa. Jiwe linapasuka, ndani kuna ute. Anauinua na kijiti, anautazama kwenye mwanga, unaning'inia, unasitasita, halafu unapanda kijiti na kumnasa mkono. Sekunde chache hizo zimetengenezwa vizuri kuliko magari yote ya kupaa tunayooneshwa leo kwa mabilioni. Baada ya hapo donge linakula mzee, nesi na daktari, na kila likila linanenepa. Mpwa wangu anasema ni jekundu kwa sababu ya Ukomunisti. Nami namwambia ni jekundu kwa sababu limekula mzee, nesi na daktari.

Lakini mtazame McQueen anavyohangaika. Ameliona dude kwa macho yake. Anakwenda polisi, polisi wanadhani ni utani wa vijana. Wanaitwa wazazi, wazazi wanaona aibu. Inabidi vijana wakusanye magari na kupiga honi usiku wa manane mpaka mji uamke kwa hasira, maana kwa wema umekataa kuamka. Mwisho inagundulika donge linaogopa baridi, na mitungi ya kuzimia moto iliyo karibu iko shuleni. Shule imefungwa. Mkuu wa shule, ambaye ndiye baba wa yule binti, anakwenda na wale vijana ambao saa chache zilizopita walikuwa wahuni, anasimama mbele ya mlango wa vioo wa shule yake mwenyewe, anaokota jiwe, anavunja.

Mkuu wa shule. Kioo cha shule. Kwa jiwe. Mimi nimesoma shule ambayo kuvunja kioo kulimleta mzazi, mwenyekiti wa bodi na viboko, kwa mpangilio huo. Ningemwona mkuu wetu akirusha jiwe lile ningeamini kiama kimefika, dude liwepo lisiwepo. Na tuiache habari kwamba mitungi yenyewe ilifanya kazi. Ile ninayoiona mimi kwenye korido za ofisi ina kadi ya ukaguzi iliyofifia, na mmoja unazuia mlango wa choo usijifunge.

Mpwa wangu hapo alikuja na Susan Sontag, mwandishi wa Kimarekani, ambaye mwaka 1965 aliandika insha kwamba picha hizi si za sayansi bali za maangamizi. Nikaisoma, nikamkuta anasema pia kwamba ukosoaji wa jamii haumo ndani yake kabisa, hata ule wa kufichwa. Nikafurahi kumwonesha.

"Hapo alikosea," akajibu, bila hata kunipa nafasi ya kuonja ushindi.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nafikiri hivyo hivyo, kwa ajili ya lile jiwe. Ila sikumwambia. Nikambadilishia mada kwa Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood, maana hapo dhamira ipo, imewekwa kwa mkono, na inasomwa kwa sauti kubwa. Wageni wa anga wamekuja kutuzuia tusigundue bomu la kulipua mwanga wa jua, litakalomaliza ulimwengu wote. Mmoja wao anasimama na kutoa hotuba nzima kuhusu upumbavu wa binadamu na silaha zake, na tukiwa wakweli hana neno hata moja la uongo. Anapigwa ngumi. Na nani leo anaikumbuka hotuba ile? Tunachokumbuka ni mwigizaji Bela Lugosi, aliyefariki Agosti 1956 akiwa ameacha vipande vichache tu vya picha, na nafasi yake ikachukuliwa na mtaalamu wa kunyoosha mifupa aliyekuwa akimtibu mke wa Wood, mrefu kuliko marehemu, ambaye picha nzima anatembea na joho usoni ili tusimtambue. Tunamtambua.

Nakiri kuna moja lilinikosesha usingizi. Mwisho wa The Blob donge limegandishwa, ndege ya jeshi inalipeleka kwenye barafu ya Kaskazini, na mtu anasema tumelizuia maadamu huko kutaendelea kuwa baridi. Halafu maandishi ya mwisho yanageuka alama ya kuuliza. Mwaka 1958. Mwandishi alikuwa anatafuta pa kufungia hadithi bila kuua dude, kwa sababu dude hai lina biashara ya pili. Mpwa wangu alirukaruka sebuleni akitaja mabadiliko ya tabianchi mpaka jirani akagonga ukuta.

Sikukuu ya Idi tulikwenda Tanga kwa Shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Kijana akaanza kumweleza habari za utafiti wake, nami kwa ubaya nikamchomekea Shangazi amsimulie mumiani. Akasimulia bila kuomba maji: gari jekundu la zimamoto, wanaume wanaotembea usiku wawili wawili, watu wanaokamatwa na kuning'inizwa kichwa chini, damu ikakingwa ya kutengenezea dawa ya Wazungu.

"Na Bwana Shauri hakusema kitu?" nikamuuliza, yaani yule ofisa wa mkoloni.

"Walipita wakitangaza mtaa kwa mtaa kwamba mumiani hayupo," akasema. "Ndipo tukajua yupo."

Mpwa wangu akawaka. Akamweleza kuhusu Luise White, mwanahistoria wa Marekani, aliyetoa kitabu kizima cha habari hizi mwaka 2000, na namna kunyonywa damu kunavyoweza kusomwa kuwa ni ukoloni wenyewe, kazi, kodi na mengineyo. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akakunja kanga yake vizuri.

"Kwa hiyo tulivyokuwa tunakimbia, mjukuu wangu, tulikuwa tunakimbia maana ya ndani?"

"Kwa namna fulani, Bibi."

"Mimi niliruka ukuta. Kovu hili hapa."

Kijana akachomoa daftari mfukoni aandike. Shangazi akaikodolea macho ile kalamu, akanigeukia mimi, sauti imeshuka.

"Huyu anaandika nini? Nani kamtuma?"